Je, Kudai Haki Yako ni Kukosa Subira?

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo watu huyauliza ndani ya msikiti, na yako mengine ambayo huyauliza mlangoni, wakati wa kuvaa viatu. Yale ya ndani huwa juu ya swala na saumu. Yale ya mlangoni huwa juu ya chakula, ada za shule, kesi na madeni. Na mara nyingi imani ya mtu hupimwa zaidi na haya ya mlangoni. Swali ninalotaka kulichunguza pamoja nawe liliulizwa mlangoni, hapa Mwanza, baada ya swala ya Magharibi. Aliyeuliza ni ndugu yetu mmoja ambaye wakati huo hakuwa ametimiza mwaka tangu afanye baiat.

Kazi yake ni biashara ya dagaa. Hununua Mwaloni, Kirumba, alfajiri, akawapeleka kwa gari lake dogo la mizigo hadi minada ya upande wa Magu. Gari hilo alikuwa amelikatia bima kubwa, yaani ile inayomlipa mwenye gari hata kwa hasara ya gari lake mwenyewe. Siku moja, alipokwisha kupita Kisesa, alimkwepa mwendesha baiskeli, gari likatoka barabarani na kupinduka. Yeye alisalimika. Jirani yake, mama mmoja mjane aliyekuwa ameketi karibu naye, alivunjika mkono, na magunia yake mawili ya dagaa yakamwagika mtaroni.

Polisi walipomwuliza, alieleza kila jambo kama lilivyokuwa, pamoja na hili: kwamba yule mama alikuwa amemchangia shilingi 10,000 za mafuta. Miezi miwili baadaye kampuni ya bima ilimwandikia kwamba haitalipa kitu. Sababu iliyotolewa ni kwamba gari lilikatiwa bima kwa matumizi ya mwenyewe, nalo siku ya ajali lilikuwa likibeba mtu na mizigo kwa malipo. Ushahidi wa kampuni ulikuwa maneno yake mwenyewe.

Ndipo washauri wakaja. Wa kwanza alikuwa mzee wa ukoo wao, mtu mwema, akamwambia: "Mwanangu, mwachie Mungu. Ulichokipoteza hakikuwa riziki yako. Umeingia dini mpya, nawe wakimbilia kugombania fedha?" Wa pili alikuwa rafiki yake mwenye kuyajua mambo ya maofisini. Yeye alisema: "Andika maelezo upya. Sema siku ile ulichanganyikiwa kwa mshtuko. Yule mama aseme ni dada yako wala hakutoa hata senti. Nani atajua?" Na yule mama, kwa kuwa alimhurumia, alikuwa tayari kusema hivyo.

Akatuuliza: "Nifuate lipi?" Naam, ndugu msomaji, wewe ungemjibu nini?

Bima ni ahadi

Kabla ya kujibu, yatupasa tujue ni kitu gani kinachodaiwa. Mtu anunuapo gunia la dagaa, hulibeba akaenda nalo. Anunuapo bima, hurudi nyumbani na karatasi. Alichokinunua ni ahadi: kwamba siku ya msiba, wale waliopokea fedha yake watasimama pamoja naye. Ahadi hiyo haionekani thamani yake siku ya kulipa ada, bali siku ile gari limelala ubavu mtaroni.

Baadhi ya wasomaji wetu wataka kujua kama Mwislamu aweza kuingia katika mapatano ya namna hii. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipoulizwa juu ya bima alieleza kwamba riba na kamari zikiwekwa kando, sheria ya dini hairuhusu watu wavunje mapatano na dhamana nyinginezo walizojifunga nazo, bali huzihesabu kuwa sahihi. Tena hapa Tanzania Sheria ya Bima ya Magari humlazimisha kila mwenye gari kuwa angalau na bima ya kuwalinda watu wengine, wale watakaodhurika kwa gari lake. Na kuitii sheria ya nchi katika jambo jema ni sehemu ya dini yetu. Mtukufu Mtume s.a.w. alimfundisha bedui kwamba amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kuitunza mali na kumtegemea Mungu ni mambo mawili yaendayo pamoja.

Biashara hii ina historia yake katika nchi yetu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kazi yote ya bima ilitiwa mikononi mwa umma. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Kisha Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na pamoja nayo ikaweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mwananchi aliyekataliwa dai lake asiachwe peke yake mbele ya kampuni yenye mawakili. Basi serikali yenyewe imekiri kwamba ahadi hizi huweza kuvunjwa, na kwamba aliyevunjiwa anayo haki ya kusikilizwa.

Je, ni ucha Mungu kuiacha haki?

Sasa tumtazame mshauri wa kwanza. Neno lake lina sura ya uchaji, nasi tunamheshimu. Wako na ndugu zetu Wakristo wanaofikiri kwamba mafundisho ya Nabii Isa a.s. humtaka mtu auache kila ugomvi: apigwaye shavu moja ageuze la pili, na anyang'anywaye kanzu atoe na joho. Lakini Injili hizo hizo zasimulia mengine pia. Nabii Isa a.s. alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga, ikiwa hakusema ubaya. Na katika Luka, mlango wa 18, alitoa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena akidai haki yake, hata yule kadhi, asiyemwogopa Mungu wala watu, akachoka na kumpa. Kama kudai haki kungekuwa dhambi, asingemfanya mjane huyo kuwa mfano kwa waombaji.

Kurani Tukufu imeliweka jambo hili wazi. Katika sura ya 42, aya ya 41 (nasi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza), tunafundishwa kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, lakini mwenye kusamehe, na kusamehe kwake kukaleta matengenezo, malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Litazame sharti lililowekwa hapo: matengenezo. Seyidna Ahmad a.s. alilieleza sana sharti hili katika maandiko yake. Msamaha unaomtengeneza mkosaji ni tendo tukufu. Msamaha unaomzidishia mkosaji ujasiri wa kuwaonea wengine haufikii daraja hiyo, hata kama msamehevu ajiona mpole.

Basi jiulize: iwapo kweli kampuni imekosea, na huyu ndugu akanyamaza, nani atatengenezeka kwa ukimya wake? Karani aliyeandika barua ile hatajua kwamba amesamehewa. Atafikiri ameandika sawa, na kesho ataandika barua nyingine kama hiyo kwa mwalimu wa Sengerema au mvuvi wa Ukerewe. Ukimya wa mmoja huwa kielelezo cha kuwanyima wengi.

Tena tusijidanganye, ndugu msomaji. Mara nyingi tusemapo "namwachia Mungu" huwa hatukumwachia Mungu kitu. Tumechoka kupanda ngazi za ofisi, tunaogopa kusoma karatasi yenye herufi ndogo, tunaona haya kubishana na mtu aliyevaa tai. Kisha uchovu wetu tunauvika kanzu ya subira. Subira ya kweli ni kushikamana na lililo jema bila kuyumba, hata kama lachukua miezi. Mtu aliyeandika barua tatu kwa adabu, akajibiwa moja, naye akaandika ya nne kwa adabu ile ile, huyo ndiye aliyesubiri.

Tuutazame mwenendo wa Mtukufu Mtume s.a.w. Alipokuwa bado kijana, mfanyabiashara mmoja kutoka Yemen aliuza bidhaa zake Makka kwa mtu mkubwa wa Makuraishi, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea. Ndipo baadhi ya watu wema wakakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba watakuwa upande wa kila aliyedhulumiwa hata apate haki yake. Mtume s.a.w. alikuwamo, na baada ya kupewa utume alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye mapatano kama yale angeitikia. Na baadaye, siku za mateso ya Makka, mtu wa kabila la Irash alipodhulumiwa bei ya ngamia wake na Abu Jahl, Makuraishi walimwelekeza kwa Mtume s.a.w. kwa kufanya mzaha. Yeye hakutoa udhuru. Alikwenda na mtu yule hadi mlangoni mwa adui yake mkubwa kabisa, akabisha hodi, akamtaka alipe. Na Abu Jahl akalipa. Hakumwambia mgeni yule kwamba amwachie Mungu.

Sisi wa kando ya ziwa hili tunayo historia yetu pia. Wazee wetu waliolima pamba waliona mizani za wanunuzi zikiwapunja, nao hawakuridhika na kulalamika chini ya miembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijipanga wawe na mizani yao na wapimaji wao, ili kila gunia lijulikane uzito wake kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani, kilizaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria mwaka 1955, kilichojulikana Afrika nzima. Walidai haki yao kwa kuipima.

Je, uongo waweza kuitumikia haki?

Mshauri wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu hasemi "iba." Asema: "Haki ni yako, wao ndio wezi, uongo huu mdogo utakurudishia tu kilicho chako." Ndugu wengi ambao hawangeiba hata dagaa mmoja wa mtu huanguka hapa.

Tulipime neno lake. Kwanza, bima ni mfuko wa wengi. Chukulia wenye magari mia moja wametoa kila mmoja shilingi 50,000; mfuko una shilingi 5,000,000. Mmoja wao akichukua kwa hila shilingi 1,000,000 asizostahili, amechukua shilingi 10,000 kutoka mkononi mwa kila mmoja wa wenziwe, na miongoni mwao yumo mjane, yumo na yatima. Jina la kampuni lililoandikwa mlangoni humfanya mtu asiwaone watu hao, lakini wapo. Kurani Tukufu, sura ya 2, aya ya 189, inatukataza tusiliane mali kwa batili, wala tusiipeleke mbele ya wenye mamlaka ili tule sehemu ya mali ya watu kwa dhambi hali tunajua.

Pili, Mtukufu Mtume s.a.w. alitueleza kwamba yeye ni mwanadamu. Watu wawili huja mbele yake, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kusema, naye akahukumu kwa aliyoyasikia. Lakini akipewa mtu kwa hukumu hiyo kitu kilicho haki ya nduguye, amepewa kipande cha moto. Basi kushinda kesi si uthibitisho wa kuwa na haki. Hati ya malipo yaweza kutiwa sahihi na watu wote wa ofisi, na bado ikawa moto mkononi.

Tatu, uongo huo ungemharibu mtu wa pili. Yule mjane alikuwa tayari kusema uongo kwa huruma. Mkono wake ulikuwa umevunjika kwa bahati mbaya. Je, tumvunje na ulimi wake kwa makusudi? Amwingizaye mwenziwe katika ushahidi wa uongo amemdhuru kuliko lile gari lilivyomdhuru.

Hapa yafaa tukumbuke kisa ambacho kila Muahmadiyya hukijua, na ambacho mgeni atapenda kukisikia. Mwaka 1877, kabla ya kuanzisha Jumuiya, Seyidna Ahmad a.s. alipeleka makala kwenye mtambo wa kupigia chapa wa Mkristo mmoja huko Amritsar, India. Ndani ya bahasha ya makala alitia na barua ya maelezo. Hakujua kwamba kufanya hivyo ni kosa katika sheria ya posta ya wakati ule, na adhabu yake ilikuwa faini ya rupia 500 au kifungo cha miezi sita. Akashitakiwa. Mawakili wakamshauri kwamba hakuna njia ila akane: aseme barua ile hakuitia yeye, bali aliitia mwenye mtambo. Akakataa. Mbele ya hakimu Mwingereza alikiri kwamba bahasha ni yake na barua ni yake, akaongeza kwamba aliihesabu barua kuwa sehemu ya makala ile, na hakukusudia kuipunja serikali haki yake. Afisa wa posta alibishana kwa urefu. Hakimu akamwachilia Seyidna Ahmad a.s.

Lakini nataka kukuonya, ndugu msomaji, usikisome kisa hiki vibaya. Wako wanaokisimulia kana kwamba ukweli ni hirizi: sema kweli, nawe utashinda kesi. Alipofungua kinywa, Seyidna Ahmad a.s. hakuwa na ahadi ya hakimu mkononi. Aliyokuwa nayo ilikuwa faini au kifungo. Thamani ya tendo lake ilikuwa imekamilika kabla hukumu haijasomwa. Nasi yatupasa tuseme kweli hata pale itakapotugharimu, maana ukweli unaosemwa kwa kutumaini faida tu utaachwa siku faida itakapohama.

Hakimu wa kwanza ni nafsi

Basi tusinyamaze, wala tusiseme uongo. Je, inabaki njia gani? Inabaki ile iliyo ngumu: kudai kwa kweli tupu. Na mwenye kuifuata njia hii lazima aanze kwa kujihukumu yeye mwenyewe. Sura ya 4, aya ya 136, yatutaka tuwe wasimamizi wa haki na mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata iwapo ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi na jamaa zetu. Kwa hiyo tulimwambia ndugu yetu: "Kabla ya kuuliza kama kampuni imekudhulumu, uliza kama wewe umeitimizia ahadi yako. Leta ile hati ya bima tuisome."

Alikiri kwamba hakuwa ameisoma tangu alipoipokea. Wangapi miongoni mwetu wamezisoma zao? Kurani Tukufu, katika aya ndefu kuliko zote, sura ya 2, aya ya 283, imeamuru mapatano ya deni yaandikwe, na mdaiwa aandikishe kwa uaminifu bila kupunguza kitu. Maandishi ni ulinzi, lakini hayamlindi mtu asiyeyatazama.

Tukaisoma. Ilisema kwamba gari lisitumiwe kwa kukodishwa wala kwa malipo. Hapo pakawa na swali la kweli: je, jirani akichangia mafuta, gari limekodishwa? Ndugu yetu aliona kwamba la. Hakutangaza nauli, hakutafuta abiria. Alikuwa akienda na mzigo wake mwenyewe, na mchango wa mama yule haukufikia hata nusu ya mafuta ya safari. Lakini tukamwuliza pia: "Je, huchukua watu hivi mara ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mara mbili au tatu kwa mwezi. Tukamwambia: "Na hilo uliandike." Lilimwuma, nasi twaliona. Lakini huwezi kumdai mwenzako ukweli wote huku wewe wampa nusu.

Naam, huenda mwisho wake ikaonekana kwamba kampuni ilikuwa na haki. Mwenye kudai kwa ajili ya Mungu lazima alikubali hilo tangu mwanzo. Asipolikubali, hadai haki, adai fedha tu.

Sura ya 83 yaanza kwa kuwalaani wapunjao, ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Aya hizi zina pande mbili katika jambo letu. Kampuni ipokeayo ada yote bila kuuliza neno, kisha siku ya msiba ikaanza kutafuta tundu katika maandishi, imo ndani yake. Na mwenye gari aandikaye gari lake kuwa la matumizi ya nyumbani ili alipe ada ndogo, kisha akalifanyia biashara, naye yumo ndani yake.

Hata sheria za dunia zililitambua jambo hili. Mwaka 1766, huko London, ilihukumiwa kesi ya Carter na Boehm. Carter, gavana wa ngome moja ya Waingereza kisiwani Sumatra, alikuwa ameikatia bima dhidi ya kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka, naye aliyeahidi kulipa akakataa, akidai alifichwa habari. Jaji Mansfield alieleza kwamba mapatano ya bima husimama juu ya uaminifu, na kwamba uaminifu huo huwafunga wote wawili: mwenye kukata bima asifiche analolijua, na mwenye kuitoa naye asifiche, wala asijifanye amedanganywa kwa jambo ambalo angeweza kulijua. Carter akashinda. Kanuni hiyo imeenea katika sheria za bima za nchi nyingi, na yetu pia. Mwislamu aisomapo hashangai, kwa kuwa karne nyingi kabla ya hapo sura ya 5, aya ya 2, iliwaamuru walioamini watimize mapatano yao.

Ulimi wa mdai

Limebaki jambo moja, nalo ni hasira. Mtu aliyenyimwa haki yake huanza kwa kudai gari, akamaliza kwa kulaani kabila la karani na dini ya meneja. Kurani Tukufu, sura ya 5, aya ya 9, yatukataza tusiache chuki ya watu itutoe katika uadilifu. Kweli, sura ya 4, aya ya 149, yampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kulitamka wazi ovu alilofanyiwa. Na mtu mmoja aliyekuwa akimdai Mtukufu Mtume s.a.w. ngamia aliposema kwa ukali, na masahaba wakataka kumwadhibu, Mtume s.a.w. aliwazuia akisema kwamba mwenye haki ana neno la kusema. Kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko wake. Nao walio katika maofisi wakitizame kisa hiki: mdai akipaza sauti mbele ya meza yako, usiyafanye makelele yake kuwa sababu ya kumnyima. Ila kusema neno la haki ni kimoja, na kutukana ni kingine. Mdai na aseme lililotendeka, siku gani, na hati yasema nini, akome hapo.

Njia yenyewe si ya siri. Itake kampuni ikupe kwa maandishi sababu ya kukataa, pamoja na kifungu inachokitegemea. Jibu kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya hati, taarifa ya polisi na stakabadhi za ada. Weka nakala ya kila barua pamoja na tarehe yake. Mkubwa wa kampuni asipokuridhisha, mwendee Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au ipelekee malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Baada ya hapo mahakama ziko. Mwamini haogopi baraza la sheria wala halidharau. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mhubiri wa Jumuiya yetu, aliishika Wizara ya Sheria ya Tanganyika mwaka 1963, wala hakuona kwamba kuwasimamia watu wapate haki kwamtoa katika kazi ya dini.

Tamati

Ndugu yetu hakuyabadili maelezo yake. Aliandika barua ya kurasa mbili, akaeleza yote, pamoja na zile safari nyingine, akaomba waamue kwa hati waliyoandika wenyewe. Walipokataa tena, alilipeleka shauri kwa Msuluhishi. Hadi ninapoandika, halijaamuliwa. Wakati huu hupakia dagaa wake katika gari la mwingine kwa kulipa nauli, na faida yake imepungua sana. Magunia mawili ya yule mama amekwisha kuyalipa, kidogo kidogo, ingawa hakuna aliyemdai. Na mama yule amesema mbele ya watu kwamba alitoa shilingi 10,000, si zaidi wala si pungufu.

Yule mzee wa ukoo wake, aliyemshauri amwachie Mungu, alikuja msikitini Ijumaa moja kuuliza ni dini gani hii inayomfundisha mtu kuidai haki yake bila kusema uongo. Ameomba vitabu, naye amepewa.

Wewe nawe, ndugu msomaji, huenda huna gari wala bima. Lakini iko ahadi ambayo mtu amekuvunjia, na iko ambayo wewe umemvunjia mtu. Kabla ya kuidai ile ya kwanza, itazame ya pili. Kisha simama udai.

Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kuidai haki, uaminifu wa kuikiri inapokuwa ya mwenzetu, na ulimi usiopinda katika yote mawili. Amin.